Kabla Hamjaniuliza Bei ya Joka

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, asanteni. Kabla hamjaniuliza bei, najibu kabisa: sikuja kwa ajili hiyo. Kila nikizungumzia kaure za wafalme wa China, vile vyombo vya udongo mweupe laini, hakosi mtu wa kunionyesha simu yenye picha ya chombo kilichouzwa mnadani, anataka nishangae wingi wa sifuri. Mimi nataka ahesabu kucha za joka lililochorwa juu yake.

Kucha tano, ndugu zangu. Zama za Ming na Qing, koo mbili za mwisho za wafalme wa China, joka la kucha tano lilikuwa alama ya mfalme. Ndiyo maana pale Jingdezhen, mji wa kaure, kwenye tanuri za serikali, mwanzoni mwa Ming chombo kikitoka na dosari hakikuuzwa kwa bei ya kutupa. Kilivunjwa, kikafukiwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mashimo ya vigae hivyo pale Zhushan, humo humo Jingdezhen, tena vimejaa kweli kweli.

Sasa, walionisikia zamani wanivumilie, maana kisa hiki sikiachi. Mwaka 1599, enzi za Mfalme Wanli, towashi aitwaye Pan Xiang alitumwa Jingdezhen kukusanya kodi na kusimamia tanuri. Ikulu ilitaka mitungi mikubwa ya majoka. Mfinyanzi yeyote atakwambia shida iko wapi: udongo wa kaure husinyaa ukikauka, husinyaa tena motoni. Bakuli dogo halina taabu. Mtungi mkubwa, huku mdomo unapinda, kule kitako kinapasuka. Ikaharibika mara kwa mara, na kila ikiharibika mafundi wakachapwa. Fundi mmoja, Tong Bin, akajitupa ndani ya tanuri. Husimuliwa kwamba tanuri lilipofunguliwa, mitungi ilikuwa mizima.

Mtasema hizo ni ngano. Sawa, hata mimi siamini kwamba mwili wa binadamu unanyoosha mdomo wa mtungi. Viboko ndivyo ninavyoviamini. Wenzake walimjengea hekalu, wakamwabudu kama mungu wa moto. Na Tang Ying, ofisa wa Qing aliyefika Jingdezhen mwaka 1728, aliandika habari zake, kisha akaukuta mtungi wa zamani wa joka, wenye kasoro, umetupwa. Akaamuru ubebwe, ukawekwe juu ya jukwaa kando ya hekalu hilo. Ofisa wa mfalme huyo, anaheshimu kilichokataliwa! Nioneshe mnada unaofanya hivyo.

Yupo atakayesema msanii alichora kwa mapenzi yake. Msanii gani? Padri Mfaransa d'Entrecolles aliandika kutoka huko mwaka 1712 kwamba chombo kimoja hupita mikononi mwa watu wapatao 70. Huyu anachora ndege na wanyama, yule maji na milima. Basi ukimwona korongo anaruka juu ya mawimbi, aliyemchora huenda hakugusa wimbi hata moja.

Na wale wa "hata sisi pwani tunazo": bakuli za magofu ya Gedi, na zile za kwenye nguzo ya kaburi la Mambrui, pwani ya Kenya, ni bidhaa za biashara. Nzuri, nazipenda, lakini tusizivishe taji.

Mwenyekiti ananitazama. Haraka basi. Chombo maarufu cha kulungu mia cha enzi za Mfalme Qianlong wa Qing: kulungu kwenye milima na misonobari, kuwatakia watu cheo na umri mrefu. Popo wanaochorwa kwenye kaure, mara nyingi wekundu, wakiwa watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema, na kufa kifo chema. Hiyo ya mwisho Tong Bin aliikosa. Feniksi, nimemruka, mnisamehe.

Na twiga wa Malindi, aliyefikishwa China mwaka 1415 wakamwita qilin, mnyama wa heri? Najua ndiye aliyewaleta nusu yenu hapa. Leo hapana. Yeye hakosi wa kumsemea.