Ndege Aliyebaki Peke Yake: Usikimbilie Kununua Mwingine

Haya jamani, ssebo na nyabo, asanteni sana kufika, najua jam ya Kampala jioni haina huruma. Naenda moja kwa moja kwenye lililonileta: ndege wako akifiwa na mwenzake, usikimbilie kununua mwingine. Watu wengi wiki hiyo hiyo wanabeba keji wanaenda kumtafutia "mchumba mpya", wanafanya kwa upendo, na mimi nawaelewa kabisa, maana ukimsikia kwaru, yule kasuku mdogo wa "lovebird", aliyebaki anaita kutwa nzima na hakuna wa kumjibu, moyo unauma kweli. Lakini kuna swali lazima litangulie, yule aliyekufa kafa na nini?

Ndege mdogo porini akionyesha udhaifu mwewe anamchagua yeye, kwa hiyo anaficha ugonjwa mpaka nguvu ziishe kabisa, ndo maana kila siku tunasikia "jana alikuwa mzima, leo nimemkuta chini ya keji". Hakuwa mzima, alikuwa anajificha. Na huyu aliyebaki wamekula chombo kimoja, wamelala kamba moja, wamevuta hewa moja, so akianza kunyamaza, kuvimbisha manyoya na kukataa chakula sisi tunasema ana majonzi, kumbe pengine ni ugonjwa ule ule. Majonzi na ugonjwa kwa ndege vinafanana sana kwa macho. Mimi siku zote nasema anza kuogopa ugonjwa kwanza, majonzi yanasubiri, ugonjwa hausubiri.

Kwa hiyo maiti usiitupe. Ifunge kwenye mfuko, weka kwenye friji, siyo friza maana ikiganda nyama inaharibika na daktari hasomi vizuri, halafu ipeleke haraka kwa daktari wa mifugo aifungue aangalie, na Makerere pale kuna chuo cha udaktari wa mifugo, siyo mbali kwa watu wa Kampala. Na wewe jiulize pia mambo ya nyumbani. Kuku wa jirani walikufa kufa wiki hiyo? Kideri inapita kwa kuku inafika hata kwa ndege wa keji. Keji ilikuwa karibu na sigiri? Ule moshi na ile gesi ya makaa isiyo na harufu inaua ndege upesi kuliko inavyoua mtu. Mlikaanga na pan ya nonstiki ikapata moto kupita kiasi? Mvuke wake unaua mapafu ya ndege kwa dakika chache tu. Kuna mtoto alimpa ovakado? Kwetu ovakado iko kila uwanja, tunaona ni chakula kizuri, lakini kwa ndege hawa ni sumu.

Halafu kuna ugonjwa mmoja wa kasuku na jamii yake, unaitwa sitakosisi, huo unaingia hata kwa binadamu kupitia vumbi la kinyesi na manyoya, unakuja na homa, kichwa, kikohozi kikavu. Sasa hapa Uganda ukiwa na homa kila mtu anakwambia malaria, unameza dawa, haiponi, unameza tena. Kama unafuga ndege na mmoja amekufa, mwambie daktari wako kwa mdomo wako, "mimi nafuga ndege", maana hatakuuliza. Dawa yake ipo, ila lazima mtu aufikirie kwanza.

Sasa tuseme daktari kaangalia, hakuna ugonjwa, ni majonzi. Ni kitu cha kweli kabisa, siyo sisi tunajipakazia. Ndege hawa wanaishi kwa makundi, na wakiachana kidogo tu wanaitana, wewe uko wapi, niko hapa, siku nzima ndo maongezi yao. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walitoa utafiti kuhusu kasuku wa kijivu waliofugwa, wakakuta wanaoishi peke yao wana telomea fupi kuliko wanaoishi wawili wawili, telomea ni zile ncha za kromosomu zinazopungua kadiri mwili unavyozeeka. Yaani upweke unaonekana mpaka ndani ya damu.

Kitu cha kwanza, nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila asubuhi kabla hajala na uandike. Baji, yule kasuku mdogo mwenye mkia mrefu, ana gramu kama 30 mpaka 40 tu, akikosa kula siku nzima hiyo siyo huzuni ya kungoja ipite, ni dharura. Akipoteza asilimia 10 ya uzito wake beba kwa daktari siku hiyo hiyo. Na usidanganywe na chombo kinachoonekana kimejaa, mara nyingi ni maganda, puliza juu uone kama mbegu zipo.

Chakula mpe anachokipenda zaidi, ulezi, uwele, majani ya dodo, yaani mchicha, yaliyooshwa vizuri, karoti, kipande cha papai. Huu siyo wakati wa kumfundisha chakula kipya. Keji usiihamishe chumba, ratiba usibadilishe, afunikwe saa ile ile na afunuliwe saa ile ile, bahati yetu hapa kwenye ikweta mchana na usiku vinagawana masaa karibu sawa mwaka mzima kwa hiyo usingizi wa masaa 10 mpaka 12 anaupata bila shida, mradi TV isiwe sebuleni inapiga kelele mpaka saa sita usiku.

Na akiita, mjibu. Piga mluzi, sema jina lake, hata kama uko jikoni unamenya matoke, jibu tu. Anauliza kama kuna mtu, na wewe sasa ndo kundi lake. Kaa karibu na keji ule chakula chako pale, ndege akiona mwenzake anakula na yeye anashawishika. Kioo usimwekee, najua wengi wanashauri hivyo, mimi nakataa, anaishia kukibembeleza kile kioo na kukitapikia chakula kwa mapenzi, na yule wa kwenye kioo hamrudishii chochote. Akianza kujinyonyoa manyoya usimkemee wala usipige kelele, mpe vitu vya kuchana na kutafuna, karatasi safi, gunzi la mahindi, kijiti cha mpera, na daktari amwone.

Baadaye sana, akiwa anakula na uzito umetulia, ndo tuongee mwenzake mpya. Awe wa aina yake, kwaru ukimweka na baji anamng'ata vidole mpaka vikatike. Mpya akae chumba kingine siku 30 hadi 45, vyombo vyake mbali, unamhudumia wa mwisho halafu unanawa. Kisha keji mbili jirani, wasikilizane, waonane, na kukutana kwao kwa kwanza kuwe nje ya keji mahali ambapo hakuna anayeona ni pake. Wengine hawapendani kabisa, kubalini hivyo, muishi na keji mbili.

Kasuku wa kijivu ni habari nyingine. Huyu ni wa misitu yetu, Kibale, Mabira, na mwaka 2016 mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, ulimpandisha kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa kwa sababu ya kuibiwa porini. Huwezi kumfuga bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na yule anayekuuzia mmoja wa bei poa kwenye boksi kando ya barabara amevunja kundi lingine huko msituni, yaani unaponya mfiwa mmoja kwa kutengeneza wengine.

Dada pale nyuma kauliza, si bora nimfungulie aende zake? Hapana dada. Baji asili yake ni Australia, Kampala hatajua ale nini, na kunguru watamwahi. Kama ni kasuku wa kijivu na umeshindwa naye, mpeleke UWEC, kile kituo cha elimu na uhifadhi wa wanyamapori pale Entebbe, waeleze ukweli wote, kala nini, kaishi na nani, mwenzake kafa lini.