Mwezi ni Mchana, Mpaka Upatwe

Asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniita nizungumzie kamera, lakini itabidi nianze na jua, maana mwezi hauna nuru yake. Ule uso mnaoutazama usiku ni mawe na vumbi vinavyopigwa na jua la mchana. Kamera hailijui hilo. Inaona anga jeusi limejaa kwenye picha, inadhani kuna giza, inaacha shata, kile kilango cha kuingizia mwanga, wazi muda mrefu, na wewe unaambulia duara jeupe lisilo na kitu ndani. Kisha lawama zote kwa simu.

Simu ina kasoro zake, ila hapo inaonewa. Gusa mwezi kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu punguza mwanga mpaka yale madoa yajitokeze. Mwenye kamera azime otomatiki: ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 100, tundu la lenzi f/11, shata 1/100 ya sekunde. Kanuni hiyo ni ya tangu enzi za filamu na haijachuja.

Na kwa maoni yangu, mwezi mpevu ndio usiofaa kuliko yote kwa picha. Jua linaupiga usoni, vivuli hakuna. Subirini mwezi wa siku saba au nane, mwanga unapoingia kwa ubavuni. Pale giza linapokutana na nuru, kila kreta, yaani shimo la mwezini, ina kivuli chake. Msitarajie ukubwa, lakini: hata kwa lenzi ya milimita 300, mwezi hauchukui milimita 3 za kitambuzi, kile kibao kinachonasa picha ndani ya kamera. Picha utaipunguza kingo baadaye.

Sasa, kupatwa. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, kwa saa za Afrika Mashariki, kivuli cha dunia kilianza kuula mwezi saa 1:27. Saa 2:30 ulikuwa umezama wote, ukakaa humo dakika 82. Waliokuwa kwenye sala ya kupatwa wakitoka nje waliukuta mwekundu. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopita kwenye hewa inayoizunguka dunia: bluu imetawanywa njiani, nyekundu imepinda mpaka mwezini. Hewa ikichafuka, rangi hubadilika. Baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka mwaka 1991, kupatwa kwa Desemba 1992 kulikuwa kweusi hasa.

Mwezi ukipatwa ndipo ule mchana unapokwisha, na f/11 yako haifai tena. Fungua lenzi mpaka f/5.6, panda ISO 1600, anza na sekunde moja. Stendi ya miguu mitatu ni lazima, na shata ibonyezwe kwa taima ili mkono usiitikise. Usirefushe muda ovyo, kwani kwa dakika 2 hivi mwezi unasogea upana wake mzima. Heri kuongeza ISO. Fokasi ipange mapema, kwa mkono, ukiulenga ukingo wa mwezi ungali unang'aa, kisha bandika selotepu kwenye pete ya lenzi. Gizani otomatiki itahangaika bure.

Na nyie wa Pwani, jamani, msiitoe kamera kwenye chumba cha kiyoyozi dakika ya mwisho! Lenzi itafunga ukungu, na ukifuta unarudi. Iweke nje nusu saa kabla, ikiwa ndani ya mfuko wake.

Kuna nafasi nzuri ya kupatwa kwingine tarehe 31 Desemba 2028. Dar es Salaam mwezi utachomoza ukiwa tayari umeshaliwa, na kabla ya saa 1:20 usiku utakuwa umefunikwa wote. Kwa hiyo mnaweza kuuweka na mashua au mnara kwenye picha moja, bado uko chini. Ila hautakaa chini muda mrefu. Huku kwetu karibu na ikweta unapanda karibu wima. Desemba jua liko kusini, basi mwezi mpevu huchomozea mashariki kwa kuelekea kaskazini. Nendeni ufukweni Desemba ya mwaka mmoja kabla, mwezi ukiwa mpevu. Utachomoza karibu na palepale, na mtajua pa kusimamisha stendi.

Haya, maswali.