Mfereji Ulikuwa Wazi

Ndugu zangu, mwenyekiti amenipa dakika ishirini nizungumzie gesi ya sumu katika vita. Mnaonifahamu mnajua nitaanzia Uhabeshi, yaani Ethiopia, Italia ilipoivamia 1935, na huenda nisitoke huko. Ypres ya 1915, gesi ya Wajerumani kule Ubelgiji, mlishasoma shuleni.

Kwanza, neno "gesi" linatupoteza. Mtu akilisikia anafikiria moshi, upepo ukivuma umekwisha. Gesi ya haradali ni majimaji mazito kama mafuta. Hutua kwenye majani, udongo na maji, ikabaki hapo ikikusubiri upite. Desemba 1935, kwenye mto Takkaze, Ras Imru, jemadari wa Wahabeshi, alisimulia kwamba ndege za Waitalia ziliangusha mapipa ambayo hayakulipuka kama mabomu waliyoyazoea. Yalipasuka tu yakamwaga maji yasiyo na rangi. Mikono, miguu na nyuso za askari zikajaa malengelenge. Na wengi wao walikuwa pekupeku! Barakoa ingemfaa nini mtu ambaye sumu inamwingilia nyayoni? Baadaye vikafungwa vinyunyizio kwenye ndege, zikaruka tisa, kumi na tano, kumi na nane, zikifuatana mpaka ukungu wake ukawa shuka moja. Hayo aliyasema Mfalme Haile Selassie mwenyewe, mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, Geneva, 30 Juni 1936, baada ya waandishi wa Kiitalia kumzomea na kumpigia miluzi.

Atatokea wa kuniambia sheria haikuwepo. Ilikuwepo, bwana! Itifaki ya Geneva ya 1925, iliyokataza gesi ya sumu vitani, na Italia iliiridhia 1928. Sheria ilikuwepo, mwenye kuisimamia ndiye hakuonekana.

Sasa nije kwenye wimbo wangu. Sumu ile haikuota bandarini Massawa, Eritrea ya Waitalia, kama mwani. Ilitoka Italia kwa meli, ikapita Mfereji wa Suez, na kampuni ya mfereji, mali ya Wafaransa na Waingereza kwa sehemu kubwa, ikapokea ushuru wake. Shirikisho la Mataifa lilikuwa limeiwekea Italia vikwazo tangu Novemba 1935. Mafuta hayakuguswa. Mfereji haukuguswa. Ndege bila mafuta ni bati, jamani.

Hapa hunyanyuka msomi mmoja, na leo namwona amekaa pale mbele anatabasamu, akanikumbusha Mkataba wa 1888: mfereji uwe wazi hata wakati wa vita. Sawa kabisa! Mkataba wa kupitisha meli uliheshimiwa hadi nukta ya mwisho. Wa kukataza sumu ukafanywa karatasi ya kufungia karanga. Nani aliamua upi una uzito? Sijajibiwa mpaka leo, na wewe usitabasamu tu, nijibu.

Nilitaka kufika pango la Zeret, huko huko Uhabeshi, 1939, walimojificha wapiganaji pamoja na wake na watoto wao, na gesi ikawafuata humo humo. Nilitaka pia Rif ya Moroko na Halabja ya Iraki, nako gesi ilipotumika. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Haya, moja tu. Mnajua ni lini waziri wa ulinzi wa Italia alikiri rasmi kwamba gesi ilitumika? 1996. Maswali, tafadhali, tuanze na yule bwana wa 1888.