Jinsi ya kutumia na kutamka neno la Kilatini "sativus"

Karibuni tena. Shika daftari, maana leo tuna kivumishi kimoja tu: sativus.

Tuanzie jikoni. Hiki mkononi mwangu ni kitunguu saumu, kwa jina la kisayansi Allium sativum. Mchele ule kwenye bakuli umetoka kwa mpunga, Oryza sativa. Na hii pakiti ya mbegu za matango, soma hapa chini kwenye herufi za mlazo: Cucumis sativus. Majina yote matatu aliyachapisha Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Neno ni lile lile, na maana yake ni "-a kupandwa", yaani si mmea wa porini. Asili yake ni kitenzi serere, kupanda mbegu.

Mbona mkia unabadilika? Wewe unayesema kitabu kizuri, mti mzuri, ua zuri, jambo hili unalo tayari. Ni upatanisho. Sisi hubadili kichwa cha neno kwa kufuata ngeli, Kilatini hubadili mkia kwa kufuata jinsia. Cucumis ni ya kiume: sativus. Oryza ni ya kike: sativa. Allium si ya kiume wala ya kike: sativum. Ziandike safu tatu, kisha uzisome kwa sauti.

Sasa angalia mtego. Usifuate mlio wa nomino, fuata jinsia yake. Majina mengi ya miti yanayoishia na -us ni ya kike. Ndiyo maana mndimu ni Citrus aurantiifolia, na mtufaha ni Malus domestica. Ukiandika domesticus umeharibu.

Twende kwenye matamshi. Sa-ti-vus: i ya katikati ni ndefu, kwa hiyo mkazo unakaa hapo, sa-TII-vus. Ni silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Lakini silabi hiyo ikiwa fupi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. Chukua karafuu ya Pemba, Syzygium aromaticum: a-ro-MA-ti-kum, si a-ro-ma-TI-kum. Hapa ndipo ulimi wetu unapotuponza, kwa hiyo rudia nami polepole mara tano.

Na ile v? Waroma wa kale waliitamka kama w ya "wali", kanisani ni v ya "vitu". Chagua moja, usichanganye.

Zoezi: giligilani ni Coriandrum, jinsia ile ile ya Allium. Malizia mkia kwa sauti kabla sijafunua karatasi hii.