Chardonnay ya Gualtallary na Maji ya Andes

Mabibi na mabwana, karibuni.

Naomba tuanze na ukame. Mkoa wa Mendoza, magharibi mwa Argentina, hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka. Dodoma yetu, pamoja na sifa yake yote ya ukame, hupata zaidi ya maradufu ya hiyo. Na bado Mendoza ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya divai ya Argentina. Inaishi kwa theluji. Theluji huanguka kwenye milima ya Andes wakati wa baridi, huyeyuka joto linapoingia, na mito ikaiteremsha mpaka mashambani. Wahuarpe, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa na mifereji yao kabla Wahispania hawajaanzisha mji hapo mwaka 1561, na hadi leo maji yanapita kando ya barabara za mji, miti ikiyanywa.

Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 750 hivi. Hapo Chardonnay, zabibu ya divai nyeupe, huiva upesi mno: sukari inapanda, tindikali inashuka, na divai inakuwa nzito, butu mdomoni. Ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hiyo mwaka 1992 mtengeneza divai Nicolás Catena alipopanda mizabibu Gualtallary, katika Bonde la Uco, karibu na mita 1,450, alikuwa ameacha nyuma digrii nne za joto. Wapo waliohofia kwamba zabibu hazitaiva kabisa huko.

Ziliiva, tena kwa namna yake. Mchana jua la huko ni kali, kwa sababu hewa ni nyepesi na miale haichujwi sana, hivyo zabibu hujikinga kwa ganda nene. Usiku baridi inashuka kwa kishindo, na mzabibu unaacha kuchoma tindikali yake. Ndiyo maana divai hiyo ina ukali safi, kama umeuma tofaa bichi.

Lakini nawasihi msiupe mwinuko sifa zote. Katika shamba hilohilo, linaloitwa Adrianna, hutoka Chardonnay mbili. White Stones hutoka kwenye mistari iliyopandwa juu ya mawe ya mviringo yaliyopakwa chokaa. White Bones hutoka kwenye mistari ya jirani, yenye chokaa na mabaki ya mifupa ya wanyama wa kale. Mwinuko mmoja, jua moja, mtunzaji mmoja, na divai mbili tofauti. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii, na ningependa kila mkulima wa zabibu achimbe shimo shambani kwake atazame kilicho chini kabla ya kuchagua mche.

Hatari zipo: baridi kali ya majira ya kuchipua inayoua machipukizi, na mvua ya mawe, ambayo wakulima huizuia kwa neti juu ya mizabibu. Hatari kubwa ni maji. Kwa sheria ya mwaka 1884, haki ya maji imefungwa kwenye ardhi, na miteremko ya juu haikuwa na mifereji. Kilichoifungua ni visima virefu na umwagiliaji wa matone. Visima hivyo navyo hujazwa na theluji ileile, na tangu mwaka 2010 hivi theluji imekuwa haba mwaka baada ya mwaka.

Desemba 2019 bunge la mkoa lilipolegeza sheria iliyokataza kemikali za sumu katika uchimbaji wa madini, watu walimiminika barabarani kwa maelfu. Walikuwemo wa mjini na wa Bonde la Uco, wakiimba kwamba maji ya Mendoza si ya kujadiliwa bei. Mabadiliko hayo yalifutwa kabla ya mwaka kwisha.