Miti Mirefu Kiwanjani: Tazama Kivuli Kabla ya Kuweka Amana

(Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na uwekezaji, Nairobi)

Mwenyekiti, kina mama, wazee wetu, na vijana mnaotafuta nyumba ya kwanza, habari za jioni. Kazi yangu ni bustani. Mambo ya riba na mikopo wameyaeleza wenzangu walionitangulia, nami sitayarudia. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho mnunuzi hukipenda kwanza na kukichunguza mwisho: miti mirefu iliyosimama kiwanjani.

Mnajua inavyokuwa. Unaingia langoni huko Loresho au Karen, unakuta mijakaranda imekutana juu ya njia, hewa imepoa, ndege wanaimba, na moyo unakubali kabla hujaona jikoni. Sina ugomvi na moyo huo. Ila baada ya kuhamia, mara nyingi mwenye nyumba huyohuyo huita watu wa misumeno. Nyasi zimekufa, nguo hazikauki, sebule ina giza mwezi wa saba, na mama mzazi aliyekuja kutembea analalamikia baridi. Mti uliokua kwa miaka hamsini unaangushwa asubuhi moja. Hilo linaniuma sana. Kama huwezi kuishi na miti ya kiwanja fulani, tafadhali nunua kiwanja kingine, umwachie anayeweza.

Utajuaje kama unaweza? Anza na jua.

Ushauri mwingi wa kivuli tunaousoma umeandikwa Uingereza au Marekani. Huko jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo wanaambiana waogope mti ulio kusini mwa nyumba. Nairobi iko kidogo tu kusini mwa ikweta, zaidi ya nyuzi moja hivi, na jua letu huhama. Kuanzia karibu na katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba linapita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kusini. Chukueni mti wa mita 20. Saa sita mchana ya Juni kivuli chake kinalala kuelekea kusini kwa mita 9 hivi. Mchana wa Desemba kinalala kuelekea kaskazini, kama mita 8. Jua linapobadilisha upande, mwezi wa tatu na wa tisa, mchana kivuli kinabaki chini ya mti wenyewe.

Sasa liunganisheni hilo na majira yetu. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu. Januari na Februari ni joto na ukavu. Basi miti iliyo kwenye mpaka wa kaskazini hukunyima jua katika miezi ile unayolitamani, na iliyo kusini hukufunika wakati jua linachoma. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua nyumba yenye miti mirefu upande wa kusini na uwazi upande wa kaskazini, hata kama jiko lake ni la zamani. Jiko nitalibadilisha.

Lakini msiishie kwenye mchana. Wakaaji wa Nairobi tunaijua Julai: asubuhi mbingu zimefunikwa, na jua likitoka, linatoka alasiri. Saa kumi jioni ya Julai jua liko magharibi, limeegemea kaskazini kidogo, na kivuli cha mti uleule wa mita 20 kinazidi mita 25. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina urefu wa mita 30 tu. Mstari wa mikaratusi kwenye ukuta wa jirani wa magharibi unaweza kuifunika bustani yako yote, baraza na kamba ya nguo, katika saa chache ambazo jua limekukumbuka. Ndiyo maana nasema pembe ya kaskazini-magharibi ichunguzwe kuliko nyingine zote.

Dalali atakupeleka lini kuona nyumba? Jumamosi, saa tano au saa sita. Huo ndio wakati kivuli ni kifupi kuliko saa nyingine yoyote, na simlaumu, ndio wakati watu wana nafasi. Wewe omba kurudi saa mbili asubuhi siku moja, na saa kumi siku nyingine. Beba dira, ya simu inatosha. Simama katikati ya bustani, kisha ndani ya sebule na chumba cha kulala, taa zikiwa zimezimwa.

Aina ya mti nayo ina uzito. Mjakaranda una majani madogo madogo yanayopitisha mwanga, na hupukutisha mengi kabla ya kuchanua. Mugumo, mti wa jamii ya mtini, hufunga mwanga kabisa, mwaka mzima. Mgrevilea, ule wakulima wa Kiambu wanaouita mukima, ulipandwa katikati ya kahawa kwa sababu kivuli chake ni chepesi; ubaya wake ni matawi kukatika kwenye upepo. Mkaratusi uliletwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuni zake ziendeshe garimoshi la reli ya Uganda, na watu wakauchagua kwa sababu unakua upesi. Unakua upesi kwa kunywa maji mengi, na waweza kuangusha tawi zima siku isiyo na upepo wowote. Usiweke chini yake gari, wala bembea ya watoto.

Udongo je? Upande wa Runda, Kitisuru na Lavington wengi wana udongo mwekundu, ambao hautikisiki sana. Embakasi, South C na Syokimau kuna udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mti mkubwa karibu na msingi hunyonya maji, udongo unasinyaa, ukuta unapata ufa. Ukiukata ghafla, udongo unalowa tena na kuvimba, na ufa mwingine unatokea mahali pengine. Kwa hiyo ukiona nyufa na mti mkubwa pamoja kwenye udongo mweusi, mlipe mhandisi aangalie kabla hujaweka saini.

Usalama wa mti hauhitaji elimu kubwa kuutambua mara ya kwanza. Angalia shina linapoingia ardhini: kuna uyoga, tundu, au udongo ulioinuka upande mmoja? Kuna matawi makavu juu? Mti uliowahi kukatwa kichwa huchipua matawi mengi yaliyoshikwa juujuu tu, na hayo ndiyo huanguka kwanza mvua za Aprili zikilowesha ardhi. Mara nyingi dawa ni kupunguza matawi ya chini na yale makavu, na mwanga unaingia ajabu. Kabla ya kukata mti mkubwa pata kibali cha kaunti. Tawi lililogusa nyaya ni la watu wa umeme, usimpandishe kijana wako wa shamba.

Niseme kidogo juu ya karatasi. Wakili atapekua hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni wa serikali, na kukueleza ushuru wa stempu wa asilimia 4. Wewe mwombe mpimaji akuonyeshe vigingi vya mipaka, kwa sababu ule mti uliokuvutia huenda uko kwenye hifadhi ya barabara, au kwa jirani. Kama kiwanja kinateremka mtoni, kanuni za mazingira zinalinda ukingo wa mto kuanzia mita 6 hadi 30, na baada ya mafuriko ya 2024 sidhani kuna mtu hapa anayehitaji kukumbushwa. Halafu orodhesheni miti ndani ya mkataba, kwa idadi na mahali, na picha. Kati ya amana na makabidhiano kuna wiki nyingi, na mbao zina bei.

Na mti wa jirani? Hapa nataka tusimame kidogo. Nendeni Kilimani na Kileleshwa mkaone palipokuwa na nyumba za chini zenye bustani. Kivuli cha sasa ni cha ghorofa, na ghorofa halipunguzwi matawi. Ukinunua nyumba kwa ajili ya miti ya jirani, uliza kwanza mtaa huo unaruhusiwa kujengwa orofa ngapi.

Jiji hili limejua kutetea miti. Mwaka wa 1999 Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa akijaribu kupanda mti Karura, na msitu ule bado uko, zaidi ya hekta elfu moja. Novemba 2020 mugumo wa Waiyaki Way uliachwa kwa amri ya rais, barabara ya juu ikijengwa kandokando yake. Lakini miti mingi ya Nairobi iko nyuma ya mageti yetu, na hakuna atakayeandamana kwa ajili yake. Mwenye ufunguo ndiye anayeamua.

Kabla hatujaanza, dada mmoja aliniuliza kuhusu nyumba anayoipenda huko Karen: mkaratusi uko hatua chache kutoka tangi la maji taka. Dada, mizizi haivunji tangi lisilo na ufa, inafuata unyevu unaovuja kwenye maungio na nyufa. Mwambie muuzaji afungue mifuniko mbele yako, na bomba la kutoka nyumbani likaguliwe. Kama mizizi imeingia, gharama ya kujenga tangi jipya mbali na mti itolewe kwenye bei. Kisha chini ya huo mti usihangaike na nyasi ya Kikuyu, inataka jua, na sukuma wiki pia weka upande mwingine. Funika udongo kwa majani makavu yaleyale yanayoanguka, na upande wa kivuli chepesi jaribu mikahawa miwili mitatu. Mwingine mwenye swali?