Fomu inayojua nani aulizwe nini: mfano wa usajili wa wafuga nyuki Tabora

Karibu, mtazamaji. Leo tunatengeneza fomu ya Google ya kuandikisha wafuga nyuki, ambayo mwenye mizinga ya magome pekee haoni maswali ya mizinga ya masanduku. Tumia kompyuta kama unayo. Kwenye simu inawezekana, ila vitufe vimebanana mno.

Kabla ya kufungua chochote, chukua karatasi uchore njia. Sehemu ya 1: jina, simu, wilaya, halafu swali, "Una mizinga ya asili, ya magome au magogo?" Sehemu ya 2: maswali ya mizinga hiyo. Sehemu ya 3: "Una mizinga ya masanduku?" Sehemu ya 4: maswali ya masanduku. Sehemu ya 5: "Asali yako zaidi unauza kwa ndoo au kwa chupa?" Ya 6 ni ya ndoo, ya 7 ni ya chupa.

Utauliza, kwa nini tusiweke swali moja la kutiki aina zote za mizinga? Kwa sababu swali la visanduku vya tiki haligeuzi njia kwenye fomu za Google. Yanayogeuza njia ni mawili tu: la kuchagua jibu moja kwa kibonyezo cha duara, na la orodha ya kushusha. Na mfugaji wa Sikonge mwenye magome 60 porini na masanduku 10 nyumbani ni mtu wa kawaida kabisa. Ndiyo maana tumemuuliza mara mbili, ndiyo au hapana.

Sasa fungua fomu mpya, andika maswali ya sehemu ya 1. Kuongeza sehemu, angalia upau mwembamba pembeni mwa swali. Kitufe cha mwisho kabisa, chenye vistatili viwili. Bonyeza mpaka ufike sehemu 7, na kila moja ipe jina. Usiziache bila jina, maana baadaye utachagua kwenye orodha na zote zitafanana.

Rudi kwenye swali la mizinga ya asili. Chini kulia kuna vidoti vitatu. Bonyeza, chagua mstari unaosema mtu aende sehemu fulani kulingana na jibu. Umeona? Kila jibu limepata orodha yake pembeni. Ndiyo, sehemu ya 2. Hapana, sehemu ya 3. Papo hapo washa swichi ya lazima, kwa sababu mtu akiliruka swali hili fomu itampeleka sehemu inayofuata tu. Swali la masanduku fanya vivyo hivyo: ndiyo ya 4, hapana ya 5. Swali la njia panda liwe moja kwa kila sehemu. Ukiweka mawili yatagongana.

La ndoo na chupa: ndoo ya 6, chupa ya 7. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mlango wa kuingilia wameuweka, wa kutokea wameusahau. Muuza ndoo akimaliza sehemu ya 6, fomu inamsukuma ya 7, anaanza kuulizwa bei ya chupa asizokuwa nazo. Shuka mpaka mwisho wa sehemu ya 6, pale palipoandikwa kwamba baada ya sehemu hii mtu aendelee na inayofuata. Badilisha, iwe kutuma fomu.

Kwenye maswali ya idadi, vidoti vitatu tena, washa ukaguzi wa jibu, chagua namba. Kipimo kiandike ndani ya swali lenyewe: "ndoo ngapi za lita 20?" Usipofanya hivyo mmoja atajaza ndoo, mwingine kilo, na ndoo hiyo ikijaa asali ni kama kilo 28. Ila fomu haiwezi kulinganisha majibu mawili. Mtu akisema ana mizinga 10, na yenye nyuki 15, itapita. Hilo utalikamata kwenye jedwali la majibu (Google Sheets).

Jaribu kwa alama ya jicho. Majibu mawili ya mizinga ya asili, mara mawili ya masanduku, mara mawili ya mauzo: njia 8, pita zote. Majaribio hayo yanahesabiwa kama majibu halisi, kwa hiyo yafute kabla ya kusambaza kiungo.

Kwenye jedwali utakuta visanduku vitupu kwa walioruka sehemu. Usivijaze sifuri: ukitafuta wastani, jedwali huruka kitupu lakini sifuri huihesabu.

Na kwa kambi za porini zisizo na mtandao, fomu hii haifai. Huko tumia KoboCollect, programu ya simu ya kujazia fomu: inajazwa bila intaneti, inatumwa ukifika penye mtandao, na swali la kutiki mengi linageuza njia bila tabu.